Hisia za watoto wadogo shuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya walimu wa chekechea na madarasa ya mwanzo, pamoja na wazazi wenye watoto wa kati ya miaka 3 na 8. Hayakupangwa kwa uzito. Ruka uende moja kwa moja kwenye swali linalokusumbua.

Kwa nini mtoto analipuka kwa jambo dogo kama kunyang'anywa krayoni?

Ni dogo kwako. Kwa mtoto wa miaka 4, krayoni nyekundu aliyokuwa ameishika ndiyo kazi yake yote ya asubuhi. Aliyeichukua amemkatiza, amemdharau mbele ya wenzake na amemwacha na picha nusu, yote kwa mkupuo mmoja.

Ipo pia sababu ya kimwili. Kusita, kupima mambo na kujizuia hutegemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo huchelewa kukomaa kuliko nyingine, na huendelea kukua hadi mtu anapofika miaka 25 hivi. Amigdala, sehemu nyingine ya ubongo inayotambua hatari na kuushtua mwili, huanza kazi mapema zaidi. Kwa hiyo mtoto ana king'ora kizima, ila mwenye kukizima bado yuko mafunzoni. Kwa miaka hii mtu mzima ndiye anayemkopesha utulivu ambao bado hajawa nao, na karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini ni namna ya kumkopesha.

Angalia na saa pia. Mwaka 1931 mtafiti wa Marekani, Florence Goodenough, alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu ambazo akina mama waliziandika kila watoto wao walipopandwa na hasira. Milipuko ilizidi kadiri wakati wa kula na wa kulala ulivyokaribia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Kabla ya kumwita mtoto mkorofi, uliza alilala saa ngapi na amekula nini.

Akishapandwa na hasira, nifanye nini papo hapo?

Kidogo sana. Wengi wetu tunaharibu hapo kwa sababu tunaongea mno. Mtoto anayepiga mayowe hafuati hotuba, na kila sentensi unayoongeza inamzidishia kelele.

Tuseme mtoto amejenga mnara wa vibao, mwenzake akapita na kuugonga kwa kiwiko. Mnara chini. Mjenzi anamrukia, mkono juu. Mwalimu anawahi, anaudaka ule mkono kabla haujatua, bila kuubana, kisha anachuchumaa mpaka macho yao yalingane. Anasema: "Mnara wako umeanguka. Umekasirika. Sitakuacha umpige." Basi. Hasemi "nimekuambia mara ngapi", wala "mwombe msamaha sasa hivi". Mtoto analia, anapiga sakafu kwa kisigino, anajaribu kuponyoka. Mwalimu anabaki pale pale, anapumua taratibu, sauti ameishusha kuliko kawaida. Mwishowe mabega yanashuka na kilio kinageuka kwikwi. Ndipo anapouliza: "Tuujenge tena, au ukae na mimi kwanza?" Habari ya kilichotokea, na ya kupatana na mwenzake, inangoja hata baada ya mapumziko.

Michael Potegal na Richard Davidson walichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu ghadhabu za watoto wa miezi 18 hadi 60. Robo tatu ya ghadhabu hizo ziliisha ndani ya dakika 5. Hasira ilipanda haraka mwanzoni kisha ikashuka, lakini huzuni ilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mwalimu hilo lina manufaa ya moja kwa moja: mwanzoni kazi yako ni usalama tu, na faraja hupokelewa pale mtoto anapoanza kutafuta pa kuegemea. Ukimkumbatia mapema mno atakusukuma. Usilichukulie kama kukukosea heshima.

Nimuulize "kwa nini unalia?"

Mara nyingi hajui, na ukimbana atakupa jibu lolote ili umwachie. Sema ulichokiona, au uliza "nini kimetokea?" "Kwa nini" ya mtu mzima aliyesimama juu yake anaisikia kama mashtaka.

Kuzitaja hisia kwa majina kunasaidia nini hasa?

Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku wakipima shughuli za ubongo. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyoonekana, amigdala zao zilitulia kuliko walipopewa kazi nyingine juu ya picha za namna hiyo. Waliopimwa walikuwa watu wazima, kwa hiyo tusiuvute utafiti ule kupita uwezo wake. Hata hivyo unalingana na kitu ambacho mwalimu mzoefu amekiona mara nyingi: mtoto anayeweza kusema "umeniudhi, rudisha!" haumi wenzake sana.

Watoto wengi huingia shule na maneno mawili matatu ya hisia, na kila kinachouma hukiita hasira, hata kama ni aibu, wivu, woga au upweke. Bango lenye nyuso ishirini ukutani halitabadilisha hilo, maana baada ya wiki hakuna anayelitazama. Maneno hukaa yanapotajwa wakati jambo lenyewe linatokea. "Uliona haya walipocheka." "Una hamu ya kwenda nyumbani." "Ulitaka uwe wa kwanza, sasa moyo umevunjika." Na kwa mazuri vilevile: "Umejivunia picha yako, naona."

Unganisha neno na mwili. Ngumi zimekaza, masikio yana moto, tumbo linavuruga, donge limekaa kooni. Mtoto wa miaka 5 huitambua ngumi yake kabla hajaitambua hasira yake, na akiigundua ngumi mapema bado ana nafasi ya kufanya kitu kingine.

Usimwekee hisia mdomoni, lakini. Sema kama mtu anayekisia: "Naona kama umeudhika. Ni hivyo?" Akisema sivyo, sivyo. Na usitarajie kabla ya miaka 7 au 8 akueleze kwamba ana furaha na woga kwa pamoja juu ya kitu kimoja. Walio wadogo zaidi huona ni ama hiki ama kile.

Mazoezi ya kupumua yanasaidia kweli, au ni mtindo tu?

Yanasaidia yakifanywa vizuri. Pumzi inayotolewa polepole na kwa muda mrefu hushusha mapigo ya moyo kupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo. Kwa hiyo uzito uko kwenye kutoa. Ukimwambia mtoto "vuta pumzi kwa nguvu", atavimbisha kifua, atapandisha mabega na kubaki amekaza mwili mzima. Mwambie anuse ua, kisha apulize mshumaa taratibu moto ucheze bila kuzimika. Vidole vyake mwenyewe vinaweza kuwa mishumaa.

Zoezi hili hujifunzwa siku ya amani. Dakika moja kila siku kabla ya hadithi inatosha. Mtoto ambaye hajawahi kulifanya, ukimwambia "pumua!" katikati ya kilio, umempa amri nyingine ya kushindwa.

Kuna pia mbinu ya kobe, inayotumika madarasani tangu miaka ya 1970. Mtoto akihisi amechemka anajikumbatia na kuinamisha kichwa kama kobe aliyeingia kwenye gamba lake, anapumua, anafikiri afanye nini, ndipo anatoka. Watoto wanaipenda kwa sababu wana kitu cha kufanya na mikono ile ile iliyotaka kupiga.

Apige mto ili hasira zimtoke?

Hapana, ingawa ushauri huu umeenea sana. Katika jaribio la Brad Bushman lililochapishwa mwaka 2002, wanafunzi wa chuo waliopiga begi la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote. Uchambuzi wa tafiti zaidi ya 150, uliotoka mwaka 2024, ulionyesha kwamba kinachopunguza hasira ni shughuli za kuushusha mwili, kama kupumua na kulegeza misuli. Mchezo na kukimbia vina faida zake nyingi na kila mtoto avipate kila siku. Kumfundisha aliyekasirika kwamba dawa ni kupiga ndiko kunakoleta shida.

Nikimwelewa kila anapolia, si nitamdekeza?

Kumdekeza ni kumpa krayoni ya mwenzake ili anyamaze. Kumwelewa ni kukaa naye akilia huku krayoni ikibaki kwa mwenzake, na hilo la pili ni gumu zaidi kwako kuliko kwake. Mpaka unabaki: "Kukasirika unaruhusiwa. Kutupa kiti huruhusiwi." Useme hivyo hivyo leo, kesho na mtondo, kwa maneno yale yale, kwa sababu mtoto hujifunza kwa kurudiwa.

Mtoto anayeambiwa "nyamaza, hakuna kitu" wakati yeye anakihisi kitu waziwazi, hujifunza kwamba huyu mtu mzima hafai kuambiwa. Siku akiwa na jambo kubwa kweli, hatalileta kwake.

Na wavulana? Si wazoeshwe kuvumilia?

Uvumilivu hujengwa na mtu aliyeruhusiwa kulia kisha akaonyeshwa la kufanya baada ya kulia. Mvulana anayeambiwa "mwanamume halii" anabaki na huzuni yake, na kwa kuwa hasira ndiyo pekee anayoruhusiwa kuionyesha, huzuni itatokea kwa ngumi. Kwa wasichana huwa kinyume: hasira yao ndiyo inayozimwa mapema, nao wanajifunza kununa na kutengana kimyakimya. Wote wafundishwe mamoja.

Kona ya utulivu ina tofauti gani na adhabu ya kusimamishwa pembeni?

Aliyesimamishwa pembeni amepelekwa, anaaibika, na anarudi mwalimu akitaka. Kwenye kona ya utulivu mtoto anakwenda mwenyewe au anakaribishwa, anakuta mto, kitabu cha picha na labda chupa yenye maji na vipande vinavyong'aa vinavyoshuka polepole, mwalimu anamwona muda wote, na anarudi akiwa tayari. Siku utakayosema kwa ukali "nenda kona ya utulivu!" umeshaiua, hakuna atakayeitaka tena.

Wiki ya kwanza wataigeuza uwanja wa michezo. Waache, mradi hawaumizani. Upya ukiisha, kona inabaki kwa wanaoihitaji.

Mtoto wetu analia kila asubuhi tukimwacha getini. Tufanye nini?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na kosa linalofanywa zaidi ni kutoroka. Mzazi anangoja mtoto ageuke kutazama wanasesere, anachomoka. Siku hiyo kilio kimekwepwa, lakini mtoto amejifunza kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote, kwa hiyo kesho yake hageuki tena. Anamng'ang'ania mzazi tangu njiani.

Aga, na uage mara moja. Tengenezeni kuaga kwenu kusikobadilika: kumbatio moja, busu kwenye kiganja, "nitakuja mkishamaliza hadithi ya mwisho." Usimtajie saa, maana saa tisa kwa mtoto wa miaka 4 haina umbo, mtajie tukio analolijua. Kisha ondoka hata kama analia, na uje wakati ule uliosema. Kuchelewa siku tatu za kwanza kunabomoa yote. Kurudi dirishani kuchungulia kunabomoa pia, kwa sababu akikuona kilio kinaanza upya.

Mwalimu naye asimwachie mlinzi au mfanyakazi yeyote aliyepo kumpokea. Mtoto apokelewe na mtu mmoja yule yule, mkono kwa mkono, na apewe kazi papo hapo: kugawa karatasi, kumwagilia mche wa darasa. Kitu kidogo chenye harufu ya nyumbani, kama kitambaa cha mama mfukoni, husaidia wengine. Wengi hunyamaza dakika chache baada ya mzazi kuondoka, na ni uungwana mwalimu amtumie mzazi ujumbe mfupi kumwambia, kwa kuwa yeye bado yuko njiani na moyo mzito.

Kilio kinachopungua wiki hadi wiki ni cha kawaida. Kikidumu kwa ukali ule ule zaidi ya wiki 4, au mtoto akianza kuumwa tumbo kila siku ya shule na kupona kila siku ya mapumziko, mwoneni daktari kwanza kuhakikisha hana ugonjwa, kisha mtafute mshauri wa watoto. Maumivu yale anayasikia kweli. Msimwite mwongo.

Darasa langu limefurika. Nitamchuchumalia nani nimwache nani?

Ni swali la haki, na anayekuambia umhudumie kila mtoto peke yake hajawahi kusimama mbele ya darasa kama lako. Fanya kazi kubwa kwa darasa zima, kabla hasira hazijaja. Fuatilia kwa wiki moja milipuko inatokea lini. Utakuta mingi iko kwenye kuhama: kutoka nje kuingia ndani, kuacha mchezo kuanza kazi, kupanga mstari. Hapo weka wimbo ule ule kila siku, toa tahadhari ("bado mara mbili kila mtu, kisha tunafunga"), na fupisha muda wa kusubiri bila kazi. Ukirekebisha mstari wa kunawa mikono tu, unaweza kuondoa ugomvi mwingi wa siku.

Mlangoni weka picha nne za nyuso, kila anayeingia aguse ile inayofanana naye. Aliyegusa uso wa huzuni utampitia kwanza. Na hadithi zitumie: simama katikati uulize, "Sungura sasa anahisi nini? Umejuaje?" Watoto huzungumza kwa urahisi zaidi kuhusu hofu ya sungura kuliko yao wenyewe.

Mmoja hawezi kabisa kusubiri zamu. Nimfundishe vipi?

Mpe cha kufanya anaposubiri. Katika majaribio maarufu ya Walter Mischel huko Stanford, yaliyoanza miaka ya 1960, watoto walioambiwa wangoje wapate vitamu viwili badala ya kimoja walifaulu zaidi walipojisahaulisha: waliimba, walifunika macho, walijisemesha wenyewe. Waliokikazia macho kitamu walishindwa upesi. (Dai kwamba jaribio lile linatabiri maisha ya mtoto ukubwani limepungua nguvu sana tangu uchunguzi wa mwaka 2018, ulipotilia maanani hali ya familia. Usimpe mtoto jina kwa sababu hakuweza kungoja.) Kwa hiyo "subiri!" peke yake haitoshi. "Hesabu wanaoteleza, wakifika watatu ni wewe" inafanya kazi.

Mwanangu halii wala hagombani, amekaa kimya tu. Niwe na amani?

Labda, labda sivyo. Wapo wapole kwa tabia, wanaotazama kwanza ndipo waingie, na hao wapewe muda. Lakini mtoto anayejikunyata, asiyecheza na yeyote, anayekojoa kwa kuogopa kuomba ruhusa, ana hisia nyingi kama yule anayetupa viti, isipokuwa zake hazimsumbui mtu na ndiyo sababu hazionwi. Mtoto anayeongea vizuri nyumbani lakini shuleni hatoi neno kwa zaidi ya mwezi, ukiacha ule wa kwanza wa kuzoea, anahitaji mtaalamu. Kumlazimisha aseme mbele ya darasa humzidishia.

Mwalimu anamsifu kwa utulivu, lakini akifika nyumbani analipuka. Nani anakosea?

Hakuna. Amejizuia mchana kutwa, sasa amefika mahali anapojua hatafukuzwa. Mpe chakula na nusu saa bila maswali. "Leo mmesoma nini?" ingoje.

Mambo haya hayali muda wa masomo?

Joseph Durlak na wenzake walikusanya mwaka 2011 matokeo ya programu 213 za kufundisha ujuzi wa hisia na mahusiano shuleni, zilizohusisha wanafunzi zaidi ya 270,000 kuanzia chekechea hadi sekondari. Walioshiriki walifanya vizuri hata kwenye masomo: mwanafunzi aliyekuwa katikati kabisa kati ya wenzake 100 angepanda nafasi kama 11. Na bila takwimu, hesabu mwenyewe dakika unazotumia kila siku kuamua ugomvi.

Na mwalimu mwenyewe akikasirika?

Atakasirika. Watoto wanamtazama kuliko wanavyomsikiliza. Albert Bandura alionyesha mwaka 1961 kwamba watoto wa chekechea waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupuliza walimwiga, hadi maneno aliyoyatumia. Basi waige lililo jema. Sema kwa sauti: "Nimekereka na kelele. Napumua mara tatu, kisha tunaendelea." Na ukifoka isivyo haki, omba radhi mbele ya wale wale uliofoka mbele yao. Heshima yako haitapungua.

Uongozi wa shule nao una sehemu yake. Mwalimu asiye na mapumziko hana utulivu wa kumkopesha mtu.

Lini tumpeleke mtoto kwa mtaalamu?

Mtoto anapojiumiza au kuumiza wengine mara kwa mara licha ya juhudi zenu. Milipuko inapoendelea kuwa mirefu na mikali wakati wenzake wa umri ule wanapungua. Anapopoteza alichokuwa ameshakiweza, kama kuongea au kwenda chooni. Anapobadilika ghafla bila sababu mnayoijua, ama kumwogopa mtu fulani au mahali fulani. Hapo msingoje, kwa sababu inaweza kuwa anadhulumiwa. Na akisema anataka kufa, hata kama ana miaka 6, msikilizeni na mtafute msaada siku hiyo hiyo.

Mnapokwenda, mchukue daftari la wiki mbili lililoandikwa na nyumbani na shule kwa pamoja: siku, saa, kilichotangulia, alichofanya, ilichukua muda gani, kilichomtuliza. Andikeni pia anachokipenda na anachokiweza, maana mtaalamu atahitaji pa kuanzia.